Kitasa cha Lusungu

Kitambaa kiligeuka rangi kabla Lusungu hajamaliza kucheka.

Dokta Mwalongo alimtekenya nyayo ili asiogope, akamzungushia pajani kile kitambaa cheupe, chembamba kama bandeji, akakaa kusubiri. Mtoto akacheka, akapiga mateke hewani, akacheka tena. Mimi nilikuwa namtazama usoni. Nilipoteremsha macho, weupe ulikuwa umeshaondoka. Kitambaa kilikuwa chekundu mpaka kwenye pindo.

"Kiache kidogo, Dokta," nilisema. "Labda hakijamaliza."

"Kimemaliza, Mama Lusungu."

Kila mzazi hapa Njombe anazijua rangi za kitambaa kabla hajaamua mtoto ataitwa nani. Kitambaa kinasoma seli za mafuta chini ya ngozi ya mtoto: ni nyingi kiasi gani, zimejengwa kwa mafuta ya namna gani, zimejifunza tabia gani. Kijani maana yake ni seli zinazopokea na kutoa. Njano, zinapokea sana na kutoa kwa kusuasua. Nyekundu zinapokea tu, na mtu huyo akifika miaka arobaini mwili wake utakuwa mzigo wa kubeba kila siku, pamoja na sukari, presha na magoti yanayouma.

"Saba katika kumi," alisema Dokta. Alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu, na siku hiyo aliipunguza zaidi. "Sijasema itatokea. Nimesema uwezekano."

"Lakini huyu anakunywa maziwa ya mfumaji. Tangu ana wiki mbili hajanywa mengine."

Alinyanyua kichwa. "Mnatumia mfumaji nyumbani?"

"Kila siku. Mama yangu ndiye anamlea mchana, anamnywesha yeye."

"Hilo ndilo silielewi." Akamfungua mtoto kitambaa, akakikunja ndani ndani kama anayekionea aibu. "Mfumaji ulitakiwa umpe kijani. Labda ni damu ya baba. Baba yake ni mtu mnene?"

"Ni mtu mnene," nilisema, na nikajisikia kama niliyemsengenya mume wangu.

Mfumaji ni mashine ya kukaa mezani, ukubwa wake kama redio ya zamani. Unaweka maji na unga, unaingiza kopo dogo la mafuta ya maziwa na mafuta ya parachichi, nayo inafuma. Haichanganyi, inafuma. Kila punje ya mafuta inaitengeneza kubwa, halafu inaivisha ngozi laini, vile vile punje zinavyotoka kwenye titi la mama. Walioitengeneza waligundua kuwa mwili wa mtoto mchanga hausomi mafuta ni kiasi gani tu. Unasoma pia yamekuja yamevaa nini.

"Wiki ijayo anatimiza mwaka," alisema Dokta. "Akishapita hapo kitasa hakishiki. Nimewawekea tone lake Ijumaa asubuhi. Mje wewe na baba yake, mje mmeshaongea." Akanitazama masweta yangu mawili, akatazama mfuko uliotuna kwa viazi vya kuchemsha. "Nadhani wewe sina haja ya kukueleza kitasa ni kitu gani."

"Ninacho," nilisema.

*

Mimi ni wa miaka ile ya mwanzo. Kitasa kilipofika, akina mama walipanga foleni kuanzia mlango wa kliniki mpaka barabarani. Tone moja chini ya ulimi wa mtoto, na seli zake za mafuta zinajifunga maisha. Haziongezeki, hazijai. Kwa hiyo nina umri huu na sketi yangu ya shule bado inanikaa. Sijawahi kupimwa sukari ikakutwa mbaya. Nayasema hayo kwa haki, maana wapo wanaokitukana kitasa kama vile hakikufanya chochote.

Ila Njombe ni baridi, na mtu wa kitasa hana akiba ya kuchoma. Nikikaa bila kula tangu asubuhi mpaka adhuhuri, mikono inatetemeka. Homa ya siku mbili kwa mwenzangu, kwangu ni kulazwa. Na Lusungu alipozaliwa, maziwa yalikuja siku chache kama umande, yakakauka. Nesi aliyenihudumia alikuwa ameshaona wengi wa aina yangu. "Mwili wako hauna pa kuyatoa, dada," aliniambia. Siku ile ile mume wangu Aidan akaenda kuchukua mfumaji.

Jioni baada ya kliniki nilimweleza. Alikuwa ametoka kazini kwenye kinu cha kukamua parachichi, mikono inang'aa mafuta hata baada ya kuinawa. Alikaa kwenye kochi upande wake, kochi likalala upande huo kama kawaida, na Lusungu aliyekuwa katikati akateleza mpaka kwenye mbavu zake. Ndiyo mchezo wao.

"Nyekundu kabisa?" aliuliza.

"Kabisa."

Alimpapasa mtoto mgongoni. "Basi Ijumaa tunakwenda."

"Kwenda tutakwenda. Kumpa tone ndiyo bado."

"Mama Lusungu, bado nini tena? Ngoja nikwambie kitu. Shuleni waliniita Kiroba. Mpaka mwalimu wa hesabu. Kwenye mpira walinisimamisha golini, nikauliza mimi nidake vipi, wakaniambia usidake, wewe jaza tu." Alicheka kidogo, akaacha. "Leo najidunga sindano ya sukari kila asubuhi nimegeukia ukutani ili huyu asinione. Halafu kuna tone moja la kumwepusha na yote hayo, nimnyime?"

"Na mimi nataka aumwe homa, apone, asiitiwe gari la wagonjwa."

"Ulizimia mara moja tu."

"Mara moja uliyoiona wewe."

Hilo hakulijua. Akageuka kunitazama vizuri.

"Nataka akizaa anyonyeshe, akitaka," nilisema. "Nataka akae kwenye baridi na wenzake wanacheza, asiwe yeye wa kukimbilia jikoni. Mimi siwezi kumfunga mtu kitu nisichoweza kumfungua."

"Mimi nikikutazama wewe nakiona kitasa ni zawadi. Wewe ukinitazama mimi unaona nini?"

"Nakuona wewe, Baba Lusungu."

"Mnene."

"Mnene, ndiyo. Na unanipasha joto usiku kucha, mbona hilo hulisemi."

Alicheka sana safari hii, kochi likatikisika, na mtoto akacheka kwa sababu kochi limetikisika. Lakini hatukukubaliana. Tulilala kila mmoja ana mtoto wake kichwani: wake anatembea barabarani anaitwa Kiroba, wangu anatetemeka.

*

Nasoma masomo ya jioni chuoni, na Alhamisi mwalimu wetu wa baiolojia alikatiza kipindi, umeme ulikuwa umekatika. Nikarudi nyumbani jua likiwa bado juu ya misonobari, saa ambayo huwa sipo. Nilisikia harufu ya maziwa toka mlangoni, harufu nzito, tamu, ya maziwa yaliyopanda.

Mama yangu alikuwa jikoni amenipa mgongo, amemfunga Lusungu kwa mbeleko. Sufuria ilikuwa kwenye moto. Kando yake, mezani, chupa ya mfumaji ilikuwa tupu.

"Kamwene, mama. Unapika nini?"

"Kamwene mwanangu, mbona mapema? Namchemshia mke mwenzangu maziwa yake." Hivyo ndivyo anavyomwita mjukuu wake.

"Maziwa gani hayo?"

"Ya mashine yenu. Kwani tuna ng'ombe?"

"Mama, yale hayachemshwi."

Aligeuka akanitazama kama niliyemwambia kuku hanyonyolewi. "Maziwa hayachemshwi tangu lini?"

Akageukia sufuria yake, akachukua kijiko, akaunyanyua utando uliokuwa umetanda juu. Ulikuwa mnene, wa manjano, umejikunja kama kitambaa cha hariri. Akautumbukiza kwenye kikombe chake cha chai ya rangi.

"Na huo?" niliuliza. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kwa mbali.

"Huu utamkaba mtoto. Huwa nautoa. Halafu ni mtamu, mashine yenu inajua kazi yake, sijawahi kuona utando wa hivi kwa ng'ombe wa hapa."

"Huwa unautoa kila siku?"

"Tangu mlipoileta. Yakishabaki mepesi namwongezea kijiko cha mafuta ya alizeti, asije akakonda kama mama yake."

Nilivuta stuli nikakaa. Wiki chache nyuma tulikuwa tumeangalia tone la maziwa chini ya lenzi, kwa zamu, mwalimu akituharakisha. Zile punje zilikuwa kubwa na tulivu, kila moja na ngozi yake. Kisha mwalimu akapasha maziwa yale yale moto mpaka yakachemka, akaturudisha kwenye lenzi. Ngozi zilikuwa zimechanika. Punje nyingine zilikuwa zimeungana na kupanda juu kufanya utando, nyingine zimesambaratika kuwa vumbi. Mtoto anayekunywa punje kubwa zenye ngozi, alisema mwalimu, mafuta yanamwingia taratibu, na seli zake zinajifunza kwamba chakula kinakuja, kinakwenda, kitakuja tena. Mtoto anayekunywa vumbi, mafuta yanamwagika ndani yake kwa mkupuo. Seli zinajifunza kudaka na kutoachia. Niliandika yote hayo, nikafaulu jaribio, na nyumbani kwangu chakula cha mwanangu kilikuwa kinaliwa pamoja na chai.

Nilianza kucheka. Mama alidhani nalia, akazima moto.

"Una nini wewe?"

Nikamweleza. Punje, ngozi, utando, alizeti. Alisikiliza amesimama, kikombe mkononi, na kadiri nilivyosema alikuwa anakisogeza kikombe mbali na mwili wake.

"Kwa hiyo mwaka mzima nimemla mtoto," alisema.

"Hujamla, mama. Umemlia mafuta yake tu."

"Ndiyo maana sketi zangu zote zinanibana." Akaweka kikombe, akakaa chini kwenye kigoda, akajifuta uso kwa ncha ya mbeleko. "Mungu wangu. Nilikuwa namtunza."

"Najua."

Na kweli nilijua. Wala sikumkasirikia. Kitu kilichokuwa kimenikaa kifuani tangu kliniki kilikuwa kinalegea. Haikuwa damu ya Aidan, wala haikuwa titi langu. Ilikuwa sufuria, na sufuria inaweza kutundikwa ukutani.

Kisha mama akasema, "Na lile tone la kesho?"

"Hatujaamua."

"Wakati wako sikufikiria hata kidogo. Baba yako mkubwa alikuwa amekatwa mguu kwa sukari, tulikuwa tumemzika juzi juzi tu. Nikasema wangu hatakatwa. Nikapanga foleni nikiwa naimba."

"Na sijakatwa."

"Hujakatwa." Akanitazama nilivyojikunyata karibu na jiko lililozimwa. "Lakini ungekuwa na mdomo siku ile, ningekuuliza kwanza."

*

Ijumaa tulikwenda wote. Mama aling'ang'ania kumweleza Dokta yeye mwenyewe, na alimweleza kwa kirefu, kuanzia namna ya kuosha sufuria. Dokta Mwalongo alivua miwani katikati ya maelezo.

"Bibi, hebu rudia hapo. Unautoa kwa kijiko?"

"Kwa kijiko, mwanangu. Naweka kwenye chai."

Dokta alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka huku amefunika mdomo kwa mkono. Kisha akafungua maelekezo ya mfumaji kwenye kioo chake cha mezani, akasoma kwa kunong'ona. Usigandishe. Usiongeze sukari. Usiweke juani. Hapakuwa na neno moja juu ya kuchemsha.

"Walikoitengeneza hawachemshi maziwa," alisema polepole. "Wazo hilo halikuwajia. Na mimi nami sikuwauliza, kwa sababu nilidhani kila mtu kasoma. Nina watoto wengine wekundu ambao sikuwaelewa." Akaandika kitu haraka. "Leo hii nitaanza kuwapigia bibi zao."

"Kwa hiyo sasa akipewa maziwa yenyewe, atarudi kijani?" aliuliza Aidan.

"Hapo nisikudanganye, baba. Mwili wake bado unajengwa, mpaka kwenye miaka miwili. Nimeona nyekundu ikishuka kuwa njano. Moja niliiona ikafika kijani. Nimeona pia ikibaki hivyo hivyo. Na kitambaa hakitatuonyesha tofauti kabla ya miezi sita."

"Wakati huo kitasa hakishiki."

"Hakishiki."

Kichupa kilikuwa kwenye kibakuli cha maji ya vuguvugu mbele yetu. Kidogo, ungeweza kukifunika kwa kidole gumba. Nilikuwa nimekuja na furaha yangu ya jikoni nikidhani imemaliza kila kitu, kumbe ilikuwa imeufanya uamuzi kuwa mgumu zaidi. Jana ilikuwa ni tone au nyekundu. Leo ilikuwa ni tone au sijui.

"Angekuwa wako ungefanyaje?" Aidan alimuuliza Dokta.

"Hilo sikujibu. Nikikujibu mtarudi nyumbani na jibu langu, na mimi sitakuwepo."

Aidan alimhamisha Lusungu goti moja hadi jingine. Mtoto alikuwa anajaribu kumng'oa kifungo cha shati. "Tone likiingia, linaweza kutolewa?"

"Haliwezi. Wamejaribu sana."

"Na mimi, nikiamua leo nipungue?"

"Utahangaika. Kuna dawa, kuna chakula, kuna kutembea. Utapanda na kushuka. Wengine wanaweza, wengine wanaweza nusu."

"Lakini kuna pa kushika."

"Pa kushika papo."

Akanigeukia. Nilimjua Aidan, nilijua uso wake akiwa ananipinga, na huo haukuwa uso huo. Alikuwa anaogopa tu. Alikuwa anamwona Kiroba wake mdogo barabarani, na alikuwa anasubiri niseme mimi, kwa sababu hakuweza kusema yeye.

Niliogopa pia. Nilifikiria siku ambayo mwanangu atakuwa mtu mzima, mzito, anahema kwenye ngazi, aniulize kwa nini sikumpa tone wakati lilikuwepo. Nilijaribu kutafuta la kumjibu. Ningemwambia nilikuachia mwili uliokuja nao, na nilikusaidia kwa kila kitu kinachosaidika. Halafu nikamfikiria ameshapewa tone, amekonda, ana baridi, ananiuliza kwa nini nilimpa wakati nilijua kitasa kinavyokuwa. Huyo nilimtafutia jibu, nikakosa kabisa.

"Usimpe, Dokta," nilisema.

Aidan alishusha pumzi ndefu, ya mtu aliyetuliwa gunia. "Usimpe," akasema naye.

Dokta Mwalongo hakuuliza mara mbili. Kichupa kikishapashwa hakirudishwi, kwa hiyo alikifungua, akakimimina kwenye sinki, akafungulia maji juu yake. Ilikwisha hivyo. Nilikuwa nangoja hofu inikamate nione nimefanya nini. Sikuiona. Niliona mikono yangu imelala mapajani, imetulia, na nikahisi usingizi mtamu kama wa mtu aliyefika nyumbani na mizigo yote imo ndani.

"Nikupe siku ya kurudi," alisema Dokta. "Na bibi, ukiwa hapo nje, ukimkuta mwenzako ana mjukuu wa mfumaji..."

"Nimeshawakuta wawili," alisema mama. "Mmoja anachemsha mara mbili."

Lusungu alichoka na kifungo, akaanza kulia njaa. Nikamtoa mapajani kwa Aidan, nikafungua kontena la parachichi lililopondwa na maziwa yake, maziwa yasiyojua moto, tukakaa kwenye benchi la korido. Alikula kwa pupa mwanzo, mdomo wazi kama kifaranga, halafu taratibu, halafu akawa anatazama watu wanaopita. Kilibaki kijiko kimoja. Nilikipeleka mdomoni, akafumba midomo na kugeuza uso.

"Malizia, mke mwenzangu, kimoja tu hicho," alisema mama, na mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye kijiko.

Aidan aliuzuia mkono ule kwa heshima, kwa vidole viwili.

"Mwache, mama. Amekataa mwenyewe."

Mama alimtazama mkwewe, akamtazama mtoto. Lusungu alikuwa ameshatusahau, ananyoosha kidole kwenye dirisha. Nikarudisha kijiko ndani ya kontena na chakula chake juu, nikafunika.